Kaka alikabidhiwa ubaba siku ya matanga. Nani atamwambia amemaliza?

*Shikamoo mama mshauri. Mimi ni kijana wa miaka 24, kwetu ni Igombe, Mwanza. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Mwaka 2009 injini ya mtumbwi wao ilizima kwenye dhoruba, mtumbwi ukapinduka, mwili wake ukapatikana siku ya tatu. Mimi nilikuwa na miaka 8. Kaka alikuwa na 16, yuko kidato cha pili. Aliacha shule akaingia ziwani, akatusomesha mimi na dada hadi nikamaliza ufundi wa injini VETA. Leo ana mtumbwi wake, mke na watoto wawili. Shida ni kwamba hataki mimi nikanyage ziwani. Nimepata kazi kwenye karakana ya injini za boti Nansio, kisiwani Ukerewe, amekataa kabisa. Mwezi uliopita nilikuwa kibarua kwa fundi mmoja Kirumba. Aliposikia tunatoka na boti kujaribu injini, akaja na pikipiki, akanizaba kofi mbele ya mafundi, akamwambia bosi asinione pale tena. Nampenda kaka, sitasahau aliyonifanyia. Lakini nikisikia pikipiki yake inaingia uani tumbo linanikaza. Na yeye mwenyewe kila usiku yuko ziwani! Nafikiria kuondoka usiku akiwa kazini, nimwachie ujumbe tu. Baba mdogo yupo Kayenze, ndiye aliyesimamia msiba wa baba, lakini sijamwambia kitu. Watu wanasema nitakuwa nimekosa shukrani. Nisaidie.*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na uliloniuliza, maana najua ndilo unalolisubiri. Nansio nenda. Kazi umeisomea, umri unao, na mtu mzima hahitaji kibali cha kaka yake ili akafanye kazi halali. Ila usiondoke usiku. Kaka yako alishawahi kuamka asubuhi akakuta mtu wa nyumbani kwao hajarudi. Ukimfanyia hivyo tena, hata uandike ujumbe mtamu namna gani, atausoma kama mtoto wa miaka 16.

Sasa turudi kwenye sentensi moja ambayo nadhani uliiandika ukapita. Injini ya baba ilizima. Na wewe, katika fani zote ambazo kijana angeweza kusomea, umeme wa majumbani, uchomeleaji, useremala, udereva, ukachagua injini. Ninapoisoma barua yako namwona mtoto wa miaka 8 aliyekaa kwenye mkeka wa msiba akisikia watu wazima wakirudia neno hilohilo, injini ilizima, injini ilizima, akakua na nia ya kuhakikisha hakuna nyingine itakayozima. Na injini anayoijua kuliko zote ni ile ambayo kaka yake huivuta kamba kila jioni pale mwaloni. Je, uliwahi kumwambia? Nina hakika hujamwambia. Yeye anaona mdogo wake anakimbilia kulekule kulikomuua baba. Wewe unaona kaka anayekufungia mlango wa riziki. Kumbe nyumba moja ina walinzi wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake, na kila mmoja anadhani yuko peke yake kwenye lindo.

Nikuulize kuhusu siku ya kuanua matanga. Huenda ulikuwa nje unacheza na watoto wa jirani, kwa hiyo nikuambie yanayofanyika ndani, maana misiba ya kanda hii ya ziwa nimekaa mingi. Wazee wanakaa. Yanazungumzwa madeni ya marehemu, yanazungumzwa ya mirathi, nyavu ziko wapi, nani anadaiwa na nani. Halafu mzee mmoja anamgeukia mtoto mkubwa wa kiume. "Sasa baba ni wewe. Wadogo zako hawa tunakukabidhi." Mtoto anaitikia ndiyo. Angeitikia nini kingine, watu wote wakimtazama? Chakula kinaletwa, watu wananawa, wanaondoka. Na yule kijana, ambaye juzi alikuwa anasubiri matokeo ya mtihani wa muhula, anabaki na ubaba.

Mimi sina ugomvi na wazee. Maneno yale yanazuia watoto kutawanywa kwa ndugu kama vifaranga, na familia nyingi zimesimama kwa sababu yalisemwa. Ninachowalaumu ni jambo moja. Maneno ya kumvika mtoto ubaba tunayo, ya kumvua hatuna. Mlinzi wa getini anajua saa ngapi mwenzake anakuja kumpokea. Kaka yako alishika lindo mwaka 2009, wewe ukabalehe, ukamaliza shule, ukapata cheti, ukaanza kunyoa ndevu, na hakuna aliyekuja kumpokea. Kwa hiyo bado amesimama. Kofi la Kirumba lilipigwa na mtu aliyechoka akiwa lindoni.

Katika taaluma yetu hali hii ina jina. Salvador Minuchin, daktari wa akili mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi na familia maskini za New York miaka ya 1960, aliwazungumzia watoto wa namna hii kama watoto-wazazi. Watu humnukuu nusu, wakadhani alisema kumpa mtoto ulezi ni kumharibu. Alisema kwamba mpango huo unaweza kufanya kazi vizuri kabisa, hasa kwenye familia kubwa au yenye mzazi mmoja, mradi kazi aliyopewa mtoto iwe wazi na isimzidi kimo. Unaharibika pale mzigo unapokosa mpaka. Kaka yako hakuambiwa mpaka. Hakuambiwa "hadi mdogo wako afike miaka 18", wala "hadi amalize shule". Aliambiwa wewe ni baba, na baba hastaafu.

Haya nayajua kwa ndani pia, mwanangu, maana mimi ni kifungua mimba. Wadogo zangu watatu niliwalea mwenyewe Kitangiri baada ya mama kufariki. Wa mwisho aliponiambia amepata chumba Nyegezi anataka kuhama, tuligombana kuhusu godoro. Nilimwambia godoro alilonunua ni jembamba, litamuumiza mgongo, chumba chenyewe kina unyevu, mwenye nyumba simwamini. Nilinuna wiki nzima. Lililokuwa moyoni sikulisema, kwa sababu hata mimi sikulijua: nilikuwa naogopa asubuhi ambayo ningewasha jiko nisijue namchemshia nani chai. Watu husema ukubwa ni jalala, kila taka inatupwa kwa mkubwa. Ni kweli, lakini kuna upande wa pili usiosemwa. Ukikaa jalala miaka kumi na mitano unaanza kuogopa siku ambayo hakuna atakayekutupia kitu. Unajiuliza kama utakuwa bado mtu.

Kwa hiyo kaka yako akifoka, sikiliza vizuri. Chini ya maneno yake kuna swali analoshindwa kuliuliza: nikishakuachia, mimi nitabaki nani?

Kuhusu hofu yake ya maji, hapo lazima niwe mkali kidogo kwako. Umeandika kana kwamba anajisumbua bure. Hajisumbui. Ziwa letu lina tabia ambayo wavuvi wanaijua kwa miili na wataalamu wa hewa wanaieleza hivi: usiku nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto la mchana, pepo zinashuka kutoka pande zote za nchi kavu zikakutane katikati ya ziwa, hewa yenye joto na unyevu inapanda, na radi na dhoruba zinajengeka usiku hadi karibu na alfajiri. Na usiku ndiyo saa ya kazi ya dagaa. Mwanza nzima inalijua hilo. Tarehe 21 Mei 1996 tulizika mamia ya watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama, na makaburi ya Igoma yapo hadi leo. Tarehe 20 Septemba 2018 ikawa kivuko cha MV Nyerere, mita chache tu kabla ya kutia nanga kisiwani Ukara. Kila baada ya ajali kama hizo, na baada ya zile za mitumbwi miwili mitatu ambazo hazitangazwi redioni, kuna kijana fulani anayegeuzwa baba kwenye mkeka.

Tena kuna jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako, nami nalishuku. Mwili ulipatikana siku ya tatu. Wewe ulikuwa mtoto, hukupelekwa. Dada hakupelekwa. Nani aliitwa kuutambua? Kama ni yeye, basi kila anaposikia "mdogo wako yuko kwenye boti" hasikii habari, anaona picha. Mtu aliyeona mwili wa baba yake uliokaa majini siku tatu hahitaji kuambiwa aache woga. Anahitaji mtu amuulize, hata mara moja tu, "Ulimwonaje?" kisha akae kimya amsikilize. Sidhani kama kuna aliyewahi kumuuliza.

Unashangaa kwa nini yeye anaingia kila usiku. Kwa hesabu yake, yeye alishaingia ziwani ili wewe usiingie. Wewe ndiye ushahidi kwamba kuacha kwake shule kulizaa kitu. Ukipanda boti, kwake ni kama kidato cha tatu na cha nne chake vyote vimetupwa majini. Hesabu hiyo ina kosa, nitalieleza, lakini si hesabu ya mtu mbaya.

Kosa lenyewe ni hili. Mtaalamu mwingine wa familia, Ivan Boszormenyi-Nagy, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi yake Marekani, alisema kila familia ina daftari lake la haki na madeni, hata kama hakuna aliyeliandika. Fikiria daftari la mkopo la mangi pale dukani kwenu: sukari nusu, mafuta ya kupikia, sabuni. Hivyohivyo nyumbani kwenu kuna ukurasa wako, na umejaa: ada, daftari, viatu, nauli ya kwenda chuoni Nyakato, usiku wa baridi usiohesabika. Deni lipo. Wanaokuambia "usijione una deni, hukumwomba" wanakudanganya, na ukiwafuata utaishi na kitu kinakukaba kooni. Swali ni kwamba deni hilo linalipwa kwa nini.

Kaka yako anataka ulipe kwa utii. Na wewe, ukifikiria kutoroka usiku, unataka kulifuta daftari kwa kuhama mtaa. Vyote viwili havilipi. Utii haulipi kwa sababu hauna siku ya mwisho. Utatii leo kuhusu Nansio, kesho kuhusu mke, keshokutwa kuhusu kiwanja, na kila ukitii utamchukia kidogo, naye ataona chuki hiyo asijue imetoka wapi. Boszormenyi-Nagy alisema tulichopewa na waliotulea sehemu kubwa hulipwa mbele, kwa wale wanaokuja nyuma yetu. Wewe una bahati, maana wanaokuja wapo, ni watoto wa kaka. Mshahara wa kwanza wa Nansio chukua kitu kimoja kinachoonekana, sare na viatu vya yule mkubwa kwa mfano, na useme wazi: hiki ni changu kila Januari. Usiahidi makubwa. Kidogo kisichokatika kitamtuliza kuliko ng'ombe mmoja wa sifa.

Na injini yake iwe ya kwako. Hilo nalisisitiza. Kila ukirudi Igombe, kabla hujala, ifungue. Toa plagi mbele yake, muoneshe masizi, safisha kabureta, angalia mpira wa mafuta kama una ufa. Mueleze unachofanya, kama fundi anavyomweleza tajiri mwenye chombo. Siku ile atakapokuona unafunga nati ya mwisho na kufuta mikono kwa tambara, ndipo ataelewa kwa nini ulichagua fani hiyo, hata kama mdomo wako utashindwa kumwambia.

Kuhusu kofi sitazunguka. Kofi ni kofi. Nimelieleza lilikotoka, sijalihalalisha. Amekudhalilisha mbele ya watu wa kazi yako na amekupotezea kibarua, mapenzi hayalifuti. Muda wa kulisema ni ukiwa mmetulia, na maneno yawe machache: "Kaka, Kirumba ulinipiga mbele ya watu. Iwe mwisho." Usitetemeke, usiongeze hoja. Akirudia, ondoka kwanza nyumbani hapo, suluhu ije baadaye ukiwa kwa dada au kwa baba mdogo. Na kama kuna zaidi ya kofi moja, mambo ambayo hukuyaandika, vitisho, kufungiwa, kunyang'anywa simu, basi nenda Ustawi wa Jamii wilayani, au kituo cha polisi uombe Dawati la Jinsia na Watoto. Wanaume pia wanapokewa pale. Tumbo linalokaza mtu akiingia uani lina haki ya kusikilizwa, na ningependa uniandikie tena kama ni hivyo.

Nikichukulia kwamba kofi lilikuwa moja, nikuambie namna ya kulipeleka jambo hili.

Usimkabili asubuhi. Nimeona kesi nyingi za kanda hii zikiharibika kwa sababu hiyo tu. Mtu ametoka ziwani, hajalala, macho mekundu, mikono inanuka petroli, dagaa anasubiri kuanikwa, wanunuzi wanalia bei. Wewe unamletea habari za kuhama. Subiri mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, wavuvi wanashona nyavu na kulala usiku kama binadamu wengine. Siku zile kaka yako ni mtu tofauti, na shemeji yako atakuthibitishia. Zungumza na shemeji mapema. Yeye ndiye anayemsikia akigeukageuka kitandani, na huenda anajua mambo ya mumewe ambayo wewe na dada hamjawahi kuambiwa.

Lakini kabla ya kaka, nenda kwa baba mdogo. Yeye, au mzee mwingine aliyekuwepo, ndiye aliyetamka maneno ya 2009, na anayeweza kuyapokea tena ni yeye. Wewe ukimwambia kaka "umemaliza", itasikika kama kiburi. Mzee aliyemkabidhi akimwambia "tulikukabidhi watoto, tumewaona, wote wamekua, tunakushukuru, pumzika sasa uwe kaka", hiyo ni heshima. Muombe baba mdogo aje Igombe siku za mbalamwezi. Kisiwe kikao cha kesi. Asije kumsema kuhusu kofi, wala kuamua kama uende Nansio. Aje kwa kazi moja, kumvua mzigo mbele ya wale waliomwona akivikwa. Dada naye awepo. Kama mna uwezo, apikwe kuku, na kwa mara ya kwanza ahudumiwe kaka kabla ya wageni.

Inawezekana atalia. Inawezekana pia atakasirika, atoke nje, aseme mnamfukuza kwenye familia aliyoijenga. Mimi niligombana kuhusu godoro, yeye anaweza kugombana kuhusu kuku. Msimfuate na hoja. Muacheni atembee hadi kwenye mawe pale ziwani, arudi mwenyewe.

Siku mbili tatu baadaye ndipo wewe na yeye mkae, wawili tu. Hapo mueleze ya Nansio kama mtu anayetoa taarifa, na umpe anachokihitaji mtu aliyezoea kulinda, yaani kujua. Amezoea kuamua, mpunguzie kuamua, muongezee kujua. Mwambie unaondoka siku gani. Mwambie kwamba kwa safari ya kwanza utapita barabara ya Bunda hadi Kisorya, uvuke na kivuko kipande kile kifupi cha kwenda Rugezi, badala ya saa kadhaa za meli kutoka Mwanza. Njia ni ndefu zaidi, lakini ni nyepesi kwake moyoni. Mpe namba ya bosi wako mpya. Kubalianeni kwamba siku ukitoka majini kujaribu injini utampigia ukirudi nchi kavu, kila mara, bila kukosa. Na mkubaliane jaketi la kuokolea linavaliwa, halikaliwi kama mto.

Kisha muombe naye hayohayo. Hapo ndipo penye ugumu na utamu. Mwambie: "Na wewe ukirudi asubuhi nitumie ujumbe. Hata neno moja. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza upepo mkali usiende, na jaketi uvae." Anaweza kucheka, akasema tangu lini wewe unanilinda mimi. Mjibu ukweli, tangu 2009.

Kama atatamka lile neno zito, "mimi niliacha shule kwa ajili yako", usijitetee na usiseme hukumwomba. Muulize alitaka kuwa nani. Ana miaka 32 tu. Watu wazima wanarudi darasani kupitia elimu ya watu wazima, wanafanya mtihani wa maarifa, wanafika kidato cha nne. Labda hatataka. Lakini ni haki yake kuulizwa, na tangu yule mzee amgeukie kwenye mkeka naona hajaulizwa chochote kinachomhusu yeye.

Mpigie baba mdogo leo, kwenye saa moja jioni, mitumbwi ikiwa imeshatoka na uani kumetulia. Usimweleze yote kwenye simu. Mwambie tu unataka kwenda Kayenze kumwona, na kwamba ni habari za kaka.